Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa kiwanda cha nondo: tupeni madaftari kabla jengo halijabomolewa

Kwa: Mwenyekiti na Wakurugenzi wa Bodi,
Kampuni ya familia iliyomiliki kiwanda chetu cha nondo,
Temeke, Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Wakurugenzi,

YAH: MADAFTARI YA WAFANYAKAZI WA ZAMANI, MICHANGO YA HIFADHI YA JAMII NA REJESTA YA AJALI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Tunawaandikia kwa heshima sisi tuliofanya kazi katika kiwanda cha familia yenu, kwenye yadi ya skrepa, kwenye tanuru, kwenye rola, karakana na mizani, baadhi yetu tangu miaka ya sabini na wengine hadi siku mashine zilipozimwa. Tunaandika hadharani kwa sababu barua tulizoleta ofisini zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na mpaka leo hazijajibiwa; na kwa sababu mlinzi wa getini, kijana mwenye adabu ambaye hatumlaumu hata kidogo, ameagizwa atuambie kila tufikapo kwamba wakubwa wamesafiri. Jina la kampuni na la familia hatulitaji humu. Ninyi mtaijua barua hii ni yenu mkifika mstari wa pili, na hilo linatutosha.

Kilichotufanya tusisubiri zaidi ni habari kwamba eneo limeuzwa na kwamba jengo la utawala, pamoja na ile stoo ya nyuma yenye makabati ya majalada, litabomolewa kupisha magodauni. Mashine zenyewe zimekwisha kukatwa kwa gesi na kuuzwa kwa kilo, nasi hatuna neno juu ya hilo, kwa kuwa zilikuwa mali yenu. Majalada ni jambo jingine. Humo ndimo yalimo majina yetu, tarehe zetu za kuajiriwa, makato yetu ya kila mwezi na taarifa za walioumia, na yakishapakiwa kwenye lori la taka hakuna ofisi yoyote ya Serikali itakayoweza kuyatengeneza upya.

Kabla ya kueleza madai yetu, inafaa tuseme jambo moja kuhusu jinsi kiwanda kilivyoendeshwa, kwa sababu madai yote yanatokana na hilo. Kitabu cha kumbukumbu mlichochapisha, chenye karatasi za kung'aa na picha za rangi, kinasema kwamba wamiliki na wafanyakazi walikuwa familia moja. Hatukatai. Mwanzilishi, ambaye sote tulimwita Mzee na tutaendelea kumwita hivyo, alikuwa anafika kabla ya shifti ya asubuhi, anaanzia yadi ya skrepa, anapita tanuru na rola mpaka kwenye kitanda cha kupozea nondo, na alijua kila fundi anatoka mkoa gani na ana watoto wangapi. Alikuwa anaajiri kwa kumtazama mtu viganja. Mfanyakazi akifiwa, bahasha ilitoka kwenye droo yake mwenyewe siku hiyohiyo. Mtu akiungua, gari la Mzee ndilo lililompeleka Muhimbili, na akirudi akiwa hawezi tena kushika koleo alipewa kazi ya mizani au ya stoo, mshahara uleule. Tunayasema haya kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu kuna watakaodhani kwamba tunaandika kwa chuki.

Lakini bahasha ile haikuwa na stakabadhi. Uhamisho wa kwenda mizani haukuwa na barua. Makubaliano yalimalizwa kwa mdomo, palepale kwenye sakafu ya kiwanda, kelele za rola zikiwa juu yetu, na Mzee akishasema neno hapakuwa na karani aliyethubutu kuuliza karatasi. Utaratibu huo ulitufaa alipokuwa hai, kwa kuwa neno lake lilikuwa linatimizwa. Alipofariki, ninyi mliorithi mliingia na wahasibu na mifumo ya kompyuta, na kila tulipokuja na jambo mlituuliza swali moja: limeandikwa wapi? Sasa tunaomba yale machache yaliyoandikwa, nanyi mnataka kuyabomolea ndani ya jengo. Hapo ndipo subira yetu imefika mwisho, Ndugu Mwenyekiti, na tunakuambia wewe kwanza kwa kuwa wengi wetu tulikujua ukiwa mwanafunzi, ukija kiwandani siku za likizo na kuketi kwa fomeni kunywa chai.

Madai yetu ni haya.

1. Michango ya NPF na NSSF

Tangu mwaka 1964, mfanyakazi wa sekta binafsi alikuwa anakatwa mchango wa Mfuko wa Akiba, yaani NPF, na tangu sheria ya mwaka 1997 mchango huo unakwenda NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, ambayo mwajiri haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwenye hati zetu za mshahara makato yanaonekana. Kwenye taarifa za michango tulizochukua NSSF, kuna miezi mingi iliyo mitupu. Hatusemi kwamba fedha ziliibwa. Tunasema kwamba hati moja inaonesha makato na nyingine haioneshi kitu, na kwamba daftari la mishahara linaloweza kumaliza ubishi liko kwenye kabati lenu.

Pengo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana kwa mtu asiyekaribia kustaafu. Anayefikisha michango ya miezi 180 anapata pensheni kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Asiyefikisha anapewa mkupuo na kuagwa. Tunaye mwenzetu, fundi rola, aliyeingia mwaka 1989 na kutoka 2011. Kwa hesabu ya kawaida alipita miezi hiyo zamani sana, ila taarifa yake inaonesha pungufu, na kwa hiyo mtu aliyesimama mbele ya chuma chekundu kwa zaidi ya miaka ishirini anaishi leo kwa kutegemea binti yake anayeuza mboga Tandika.

Baadhi ya miezi mitupu ni ya mwaka 2006, na hapa kumbukumbu zetu ni nzito. Ule ulikuwa mwaka wa ukame na mgao mkali wa umeme, maji yamekauka kwenye bwawa la umeme la Mtera, na kiwanda kama chetu hakingeweza kupanga shifti kwa saa. Tulipangwa kwa umeme. Ukikatika asubuhi tulirudi Keko, Yombo na Buguruni. Ukirudi saa saba za usiku, pikapu ya kiwanda ilikuja kutugongea milango, tukapasha tanuru moto na kusukuma nondo hadi alfajiri ukakatika tena. Tanuru likipoa katikati ya kazi, chuma kilichomo kinakuwa kazi ya siku nzima kukitoa, na kazi hiyo pia tuliifanya. Karani wenu alitujibu kwa mdomo kwamba miezi ile kiwanda "kilisimama." Kilisimama mchana. Kitabu cha getini cha zamu za usiku kitaonesha nani aliingia, na tunaomba kifunguliwe mbele yetu.

2. Hati za utumishi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Wengi wetu hatukupewa. Fundi wa kuchomelea mwenye umri wa miaka 45 anayetaka kazi kwenye karakana nyingine anaulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo, na anabaki kutoa maelezo. Hili halihitaji mjadala wala fedha. Linahitaji karatasi, sahihi na muhuri.

3. Rejesta ya ajali

Hapa tutakuwa warefu kidogo, mtuvumilie.

Ukurasa mmoja wa kitabu chenu unasema kwamba kiwanda kilipitia miongo yake bila ajali kubwa. Sentensi hiyo iliposomwa kwa sauti katika kikao chetu, wajane wawili waliinuka na kutoka nje.

Wasomaji wasiojua kazi hii wanahitaji kuelewa tulichokuwa tukifanya. Siku za mwanzo hatukuyeyusha chuma. Tulipasha moto vipande vya reli kuukuu na mabaki ya vyuma vizito hadi nyuzi joto 1,100 au 1,200, vikawa vyekundu vya kuelekea manjano, kisha vikapitishwa kwenye rola hatua kwa hatua mpaka vikawa nondo. Baina ya rola moja na nyingine hapakuwa na mtambo wa kupokea. Palikuwa na mtu mwenye koleo. Ncha ya nondo ilitoka kwa kasi, yeye akaidaka, akajigeuza na kuiingiza kwenye tundu la pili huku mkia wake ukiwa bado unatoka kwenye la kwanza na kujikunja sakafuni nyuma yake. Alipaswa kujua mkia huo uko wapi bila kuutazama. Kinga yake ilikuwa magunia yaliyolowekwa maji na kufungwa miguuni, aproni ya ngozi, na kikombe cha maziwa mwisho wa zamu, ambacho tuliaminishwa kwamba kinasafisha kifua. Nondo ikikosa tundu inaruka, na hakuna anayejua itaelekea upande gani.

Baadaye likaja tanuru la umeme la kuyeyusha skrepa, ambako chuma kinafika nyuzi 1,600, na hatari ikawa ya aina nyingine. Kwenye skrepa huja kila kitu: mitungi iliyozibwa, shokabsoba za magari, mabomba yenye maji ndani. Chombo kilichofungwa kikizama kwenye chuma kilichoyeyuka hulipuka. Wapo wenzetu waliokufa hivyo. Wapo waliokatika vidole, waliotobolewa paja na nondo, waliopoteza jicho, na wapo wengi, pengine wengi kuliko wote, ambao leo hawasikii adhana wala kengele kwa sababu ya miaka waliyokaa kando ya rola bila kuziba masikio. Majina ya marehemu tunayo, na miaka yao, na mashine waliyokuwa nayo. Hatuyaandiki hapa kwa heshima ya familia zao. Tutawakabidhi ninyi mkono kwa mkono mkikubali kukutana nasi.

Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 na ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 zote zilitaka ajali zitolewe taarifa. Rejesta ilikuwepo, ilikuwa na jalada la kijani na ilikaa ofisi ya huduma ya kwanza. Tunachokumbuka ni kwamba majeraha madogo yaliandikwa na makubwa mara nyingi yalimalizwa kwa bahasha. Fidia ya kisheria ya enzi hizo, kabla Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haujaanza mwaka 2015, ilikuwa haizidi shilingi 108,000 hata kwa mtu aliyelemaa maisha, kwa hiyo bahasha ya Mzee ilikuwa nono kuliko haki yenyewe, na hakuna aliyelalamika. Tunalieleza hili wazi ili msije mkadhani kwamba tunakuja kudai viwango vya leo kwa majeraha ya mwaka 1985. Tunadai rejesta itolewe, nakala ikabidhiwe kwetu, na pale ambapo tukio halikuandikwa, maelezo ya walioshuhudia yapokelewe, yasainiwe na kuambatishwa.

4. Walioitwa vibarua

Wapo waliofanya kazi yadi ya skrepa kwa miaka mingi mfululizo wakilipwa Jumamosi kwa dole gumba kwenye daftari nene la jalada jeusi, na kila Jumatatu wakahesabiwa kuwa wageni. Kiwanda kilipofungwa, waliokuwa kwenye orodha ya kudumu walilipwa kiinua mgongo kama sheria inavyoelekeza, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka kwa miaka isiyozidi 10, na kwa hilo tunawashukuru kwa sababu viwanda vingine havikufanya. Hawa wa daftari jeusi hawakupata hata nauli. Mtu anayerudi kazini mahali pamoja kila wiki kwa miaka kumi na miwili ni kibarua kwa jina tu, na daftari lile litamwonesha msomaji yeyote majina yaleyale, ukurasa baada ya ukurasa.

5. Picha

Katika kitabu chenu kuna picha nzuri ya shifti nzima mbele ya tanuru. Maelezo yaliyo chini yake yanataja aina ya mashine na nchi ilikotengenezwa. Watu waliosimama pale hawakutajwa hata mmoja, ilhali wanane kati yao wako hai na wanaweza kuwataja waliobaki.

Tunajua majibu yanayotusubiri, maana mengine tumekwisha kuyasikia kupitia dirisha la mapokezi.

Mtasema muda umepita. Sheria ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma, na kwa wale waliotoka na shifti ya mwisho miaka hiyo haijatimia. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mwajiri akishindwa kutoa mkataba au maelezo ya ajira ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Kwa wale wa zamani zaidi hatuegemei muda. Karatasi zipo, wenyewe wapo, na kuwaonesha hakuwagharimu chochote.

Mtasema kampuni iliyotuajiri ilibadilishwa jina na kwamba hii ya sasa ni nyingine. Huenda kwa Msajili wa Makampuni ni hivyo. Sisi tulilala tukiwa na jina moja kwenye kadi zetu za mahudhurio na kuamka tukiwa na jingine, geti lilelile, fomeni yuleyule, na mkurugenzi aliyetia sahihi akiwa mwana wa aliyetangulia.

Mtasema nyaraka ziliharibiwa na mvua. Karani aliyeyapanga makabati yale kwa mikono yake ni mjumbe wa kamati yetu, na anakumbuka kwamba paa lilivuja upande wa ankara za mauzo, wakati madaftari ya mishahara yalikuwa ukuta wa pili, juu ya mbao. Tufungulieni mlango, kama yameoza, tutayaona yameoza na tutaandika hivyo.

Mtasema tulikuwa na chama cha wafanyakazi na tungelalamika wakati ule. Tulikuwa na kadi za NUTA, kisha JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991, na hatimaye TUICO, na michango ya vyama hivyo vyote ilikatwa juu ya mshahara na ofisi yenu. Chumba cha tawi kilikuwa ndani ya kiwanda na majalada yake yamefungiwa katika jengo lilelile. Wapo kati yetu waliokuwa katika kamati za wafanyakazi tangu enzi za Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, wakati mfanyakazi wa kawaida alipopata ujasiri wa kumwambia meneja ajieleze, na wanakumbuka vikao ambavyo mihtasari yake ingetufaa sana leo kama ingepatikana.

Na mtasema Mzee aliwatendea wema. Ndiyo, na kwenye maziko yake tulijaza barabara. Ila wema ule alioutoa kwa hiari yake hauwezi kuhesabiwa kuwa malipo ya mchango uliokatwa kwenye mshahara wetu. Vilikuwa vitu viwili, naye mwenyewe, kwa jinsi tulivyomjua, asingevichanganya.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Kwanza, ubomoaji wa jengo la utawala na stoo ya majalada usianze mpaka nyaraka zihamishwe mahali salama kwa orodha itakayosainiwa na pande zote mbili. Pili, madaftari ya mishahara, kitabu cha getini na daftari la vibarua yakabidhiwe kwa NSSF, au nakala zake zilizothibitishwa, ili kila mwanachama apate hesabu yake kurekebishwa, na warithi wa waliofariki wapate mafao wanayostahili. Tatu, hati za utumishi zitolewe kwa wote ambao hawakupewa. Nne, rejesta ya ajali ifunguliwe na kukamilishwa kama tulivyoeleza, na sentensi ile ya kitabu chenu iondolewe katika nakala zitakazochapishwa baadaye. Tano, majina yaandikwe chini ya picha. Kazi hiyo tutaifanya sisi bila malipo.

Tunapendekeza mkutano kati ya wakurugenzi wawili na wajumbe watano wa kamati yetu, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua hii, mbele ya Afisa Kazi, mahali popote mtakapopachagua. Tuko tayari kuja hata kesho. Siku hizo zikipita bila jibu la maandishi, tutapeleka maombi kwa Kamishna wa Kazi na NSSF kuomba ukaguzi, na tutaomba mahakama izuie ubomoaji, tukiambatisha hati za mshahara tulizonazo na maelezo ya mashahidi tuliyokwisha kuyakusanya.

Wenu katika kazi,

Katibu,
Kwa niaba ya Kamati ya Wafanyakazi wa Zamani wa Kiwanda

Nakala:
Kamishna wa Kazi
Meneja wa NSSF wa Mkoa
Katibu wa TUICO wa Mkoa
Mmiliki mpya wa eneo, kwa taarifa